Shukrani Yenye Beseni na Taulo

Katika Mambo ya Walawi sura ya 7 kuna agizo dogo lililonikaa moyoni. Mwisraeli akileta sadaka ya amani kwa ajili ya shukrani, nyama yake lazima iliwe siku hiyohiyo. Hakibakizwi kipande hadi asubuhi. Sadaka ya nadhiri au ya hiari iliruhusiwa kuliwa hata kesho yake. Ya shukrani, hapana. Sasa fikiria mtu amechinja mnyama mzima, pembeni kuna mikate, na jua ndilo hilo linashuka. Hata kuhani akishachukua fungu lake, mtu huyo na mkewe na watoto hawatammaliza. Itabidi waitwe wengine. Andiko halielezi sababu ya sharti hilo, lakini mimi naamini Mungu hakutaka shukrani ya mtu mmoja ifungiwe ndani. Alitaka iwafikie watu wengine, na iwafikie mapema.

Nayasema haya kwa kuwa nina deni la shukrani nisiloweza kulimaliza. Baba yangu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulipooza, ulimi ukawa mzito. Tulikesha tukiomba: Bwana, utuachie mzee wetu. Akatuachia. Jumapili iliyofuata baada ya Baba kurudi nyumbani nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakasema amina, kwaya ikaimba, nikaketi nikilia. Yote hayo yalikuwa mema na sitaki mtu ayabeze. Kati ya wale kumi wenye ukoma wa Luka 17, ni mmoja tu aliyerudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, na Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Kinywa kina wajibu wake. Ila Jumatatu ilipofika, Baba alihitaji kuogeshwa.

Zaburi ya 116 inauliza, “Nimrudishie Bwana nini kwa ukarimu wake wote alionitendea?” Kwetu jibu lilikuja na beseni.

Namwogesha mimi. Maji ya vuguvugu nayapima kwa kiwiko, maana kiganja kilichozoea kazi hudanganya, na upande uliopooza haumwambii Baba kama anaungua. Naanza na uso, kwa maji matupu bila sabuni. Kisha mikono, kifua, mgongo, na miguu mwisho. Ninachokiosha ndicho kinachofunuliwa, kwingine kote kuna taulo. Katika Mwanzo 9, Shemu na Yafethi walitwaa nguo mabegani wakaenda kinyumenyume, wamfunike baba yao bila kuutazama uchi wake. Kila nikivuta lile taulo nawakumbuka. Mzee hapotezi stara yake kwa sababu ameugua.

Katikati ya vidole vya miguu nakausha taratibu, kidole kwa kidole, kwa kuwa unyevunyevu ukibaki hapo ngozi huchubuka. Halafu shati. Mkono mgonjwa huingia kwanza, ule mzima baadaye. Wakati wa kuvua, mzima ndio unaotangulia. Muuguzi alinionyesha hilo, na ni elimu ninayoithamini kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Tukimaliza, Baba husema, “Ahsante, mwanangu.” Maneno yanachukua muda kutoka, nami nayangoja yote yafike. Sina maombi marefu saa hiyo. Nasema tu kimoyomoyo: Bwana, mguu huu ungekuwa kaburini. Ahsante.

Ndugu mmoja katika imani aliniuliza, kwa upole kabisa, kama sijaanza kujihesabia haki kwa matendo. Ni swali la haki. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, ina sehemu tatu: taabu ya mwanadamu, ukombozi wake, kisha shukrani. Amri Kumi na Sala ya Bwana zimepangwa humo kwenye shukrani. Utii wetu wote umewekwa baada ya wokovu, kama watu wanaoshukuru kwa jambo lililokwisha kutendeka. Simwogeshi Baba ili Mungu anipende. Alinipenda tayari pale msalabani, nami nina mikono.

Sisi wanaume tuna jambo la kuambizana wazi. Utumishi tunaoukimbilia ni ule wenye cheo na kipaza sauti. Huu wa beseni tunawaachia mama, dada na wake zetu, halafu tunauita mdogo. Mwaka 1522 Martin Luther, akiandika juu ya maisha ya ndoa, alimtaja baba anayefua nepi za mtoto wake huku watu wakimcheka. Akasema Mungu na malaika zake wote wanatabasamu, si kwa sababu ya nepi, bali kwa kuwa mtu huyo anafanya kwa imani. Imepita miaka mia tano, na bado wapo wanaonong'ona, “Kwani mke wa huyu yuko wapi?” Mke wangu yupo. Usiku kucha amekuwa akimgeuza Baba kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Amelala sasa, na ana haki ya kulala.

Zipo asubuhi ambazo moyo hauna wimbo. Mgongo unauma, kazini nasubiriwa. Mama mkwe wa Simoni, homa ilipomwacha, aliinuka mara hiyo akawatumikia; Luka hatuambii alijisikiaje. Jambo hilo hunitosha. Siku kama hizo mikono inashukuru yenyewe, na moyo unafika baadaye, pengine jioni.

Kanisani kwetu kuna mwanamume ambaye mkewe aliwahi kuugua sana akapona. Alipokuja kututembelea hakutoa hotuba. Aliuliza tu, “Saa gani hapa nyumbani ndiyo ngumu?” Mke wangu akajibu kabla yangu: alfajiri. Tangu hapo kila Jumamosi alfajiri anabisha hodi, anamnyoa Baba ndevu, anamsomea Zaburi, nasi tunalala. Nilimwambia anajisumbua mno. Akasema, “Mungu alinirudishia wangu.”

Ukijua nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu, kaulize swali hilohilo. Muulize yule anayemhudumia, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi atakwambia hana shida yoyote.