Nilivyopatana na majirani baada ya mbwa wangu kutoroka alfajiri

Simba nilimchukua akiwa na miezi miwili, baada ya wezi kuruka ukuta na kubeba pampu ya maji pamoja na nguo zote zilizoanikwa uani. Hapa kwetu Tabata, Dar es Salaam, mbwa wa ulinzi wengi hulelewa hivi: mchana yuko bandani, saa nne usiku anafunguliwa, asubuhi anarudishwa. Nami nikafuata hivyo hivyo. Mwaka mzima hakuna mwizi aliyeingia, nikaona nimemaliza wajibu wangu kwa ugali wa dona, dagaa na maji safi.

Geti langu lilikuwa limeliwa na kutu kwa chini, upande wa bawaba. Nililijua tundu hilo, nikawa naahirisha fundi kila mwisho wa mwezi. Alfajiri moja, saa kumi na moja kasoro, Simba akapenya. Babu wa nyumba ya tatu alikuwa anaelekea msikitini. Simba hakumng'ata. Alishika pindo la kanzu akalivuta, akalilowesha mate. Nilipotoka mbio nimejifunga khanga, nilimkuta mzee ameegemea ukuta, mkono mmoja una fimbo, mwingine ameinua kanzu isimguse mguuni.

Mimi si Mwislamu. Nilivyoona hakuna jeraha, nikadhani nikishasema pole yameisha. Jirani yangu wa ukuta mmoja ndiye aliyenikalisha akanieleza. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, yanapogusa panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Mzee alirudi nyumbani gizani akaanza kuosha, swala ya jamaa ikampita. Nilijisikia vibaya kuliko angepata mchubuko, maana mchubuko ningeuona.

Jioni nilikwenda mwenyewe, kabla mjumbe wa shina hajaniita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akanyamaza. Nikaomba radhi, nikasema nitanunua kanzu nyingine. Akatikisa kichwa. "Kanzu imeshafuliwa, mwanangu. Mimi nataka njia. Nikitoka alfajiri nijue njia ni yangu."

Maneno hayo ndiyo niliyoanza nayo kazi. Kesho yake fundi alichomelea bamba la chuma chini ya geti, akaweka na komeo la ndani. Muda wa Simba nao nikaubadilisha: anarudi bandani saa kumi alfajiri, kabla ya adhana. Naweka kengele ya simu. Mwanzoni ilinitesa, sasa mwili umezoea.

Kamba ilichukua muda zaidi. Ya kwanza ilikuwa ya katani, ilinichuna viganja siku ya kwanza tu. Nikachukua mkanda mpana wa begi la zamani la shule, fundi viatu akaushonea ndoano upande mmoja na kishikio upande mwingine. Urefu wake haufiki mita mbili, makusudi, ili mbwa awe usawa wa goti langu na si mbele ya watoto wa watu. Tulianzia uani. Akivuta, nasimama kimya kama nguzo. Mkanda ukilegea tu, tunaendelea. Wiki ya kwanza tulikuwa tunatumia robo saa kutoka bandani hadi getini. Wiki ya tatu akawa ananitazama usoni kabla ya kupiga hatua, na hapo ndipo nilipothubutu kutoka naye nje. Natembea na koleo dogo na gazeti kuukuu kwa ajili ya kinyesi, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na gazeti linafanya kazi vizuri tu.

Wakati huo huo mtoto wa darasa la pili aling'atwa kwenye shavu la mguu na mbwa asiyejulikana ni wa nani. Bahati nzuri mama yake alimwosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha akamkimbiza hospitali akaanzishiwa sindano siku hiyo hiyo. Naandika hili kwa mkazo: kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Sindano huzuia zikianza mapema. Kupaka kitunguu, mafuta ya taa au dawa ya majani ni kupoteza saa ambazo mtoto anazihitaji. Mbwa akijulikana, anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, ina maana hakuwa na uwezo wa kuambukiza siku aliyong'ata. Yule hakujulikana, hivyo mtoto alimaliza sindano zote, na mama yake hakulala usingizi wa kutulia kwa wiki kadhaa.

Baada ya hapo mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliitisha kikao. Wengine walitaka mbwa wote wauawe kwa sumu. Nilisimama nikiwa na kadi ya chanjo ya Simba mkononi, nikaomba tusifanye hivyo. Afisa mifugo wa kata aliniunga mkono: kinachokata mnyororo wa ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kuanzia wa miezi mitatu, na kurudia kila mwaka. Ukiua waliochanjwa, unawapisha wasiochanjwa. Akakumbusha pia kwamba kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na kumfunga mbwa mnyororo mfupi juani kutwa nzima nako ni ukatili.

Tulibishana hadi magharibi, lakini tuliyokubaliana ni machache na yanafuatwa. Mbwa hatoki getini bila kamba na mtu mzima. Kila mbwa ana mkanda shingoni wenye namba ya nyumba. Njia ya msikitini haipitishwi mbwa nyakati za swala. Nasi wenye mbwa tuliomba wazazi wawakanye watoto wanaowarushia mawe mbwa kupitia getini, kwa sababu mbwa aliyechokozwa kila siku ndiye atakayeng'ata siku geti likiachwa wazi. Mwezi Septemba, kuelekea tarehe 28 ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tulichanjisha pamoja uwanjani, na mzee wa kanzu alituma mjukuu wake aje kutuletea benchi la kukalia.

Tukikutana njiani mimi husogea ukingoni, nazungusha mkanda mkononi mara mbili, Simba anakaa. Mzee anapita.

Imebaki nyumba moja upande wa relini. Wanafungua mbwa wawili usiku na geti lao ni la mabati yaliyolegea. Nimekwenda mara mbili, baba mwenye nyumba hakuwepo. Jumamosi nitarudi, nimemshonea kila mbwa mkanda kutokana na begi lile lile.