Jumapili Kabla ya Kura ya Missouri

Tarehe 4 Agosti 2020, wapiga kura wa jimbo la Missouri nchini Marekani walitakiwa kuamua kama Medicaid, bima ya afya inayogharimiwa na serikali kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo, ifunguliwe kwa watu wazima wote wa miaka 19 hadi 64 ambao mapato yao hayakuzidi asilimia 138 ya kiwango rasmi cha umaskini. Kwa mtu anayeishi peke yake, mwaka ule, hizo zilikuwa kiasi cha dola 17,600 kwa mwaka mzima. Mimi sikuwa na kura. Nilikuwa mkaazi wa kudumu, nikifanya kazi katika shirika linalopokea wakimbizi mjini Kansas City, na karibu watu wote niliowahudumia, wengi wao Wakongo waliotokea kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, hawakuwa na kura pia, kwa sababu mkimbizi kwa kawaida hapati uraia kabla hajatimiza miaka mitano nchini. Wenye kura miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili wa eneo letu walikuwa waliotangulia: wauguzi, wenye malori, watu wenye nyumba zao na bima za kazini. Suala lilikuwa la wasio na kitu, uamuzi ulikuwa wa walio nacho, na mimi nilialikwa kwenda kuzungumza na hao wenye uamuzi.

Tulikutana Jumapili alasiri katika bustani ya umma mjini Independence, jirani na Kansas City, watu wakiwa wamevaa barakoa na viti vimeachana kwa sababu ya korona. Mahali penyewe palinipa pa kuanzia. Independence ni mji wa Harry Truman, rais ambaye mwezi Novemba 1945 aliliomba Bunge la Marekani liweke bima ya afya ya taifa zima, akashindwa na wapinzani walioiita ujamaa. Miaka 20 baadaye, tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alisafiri hadi mji huo huo akatia saini sheria iliyoanzisha Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini, na kadi ya kwanza ya Medicare akampa Truman mwenyewe, wakati huo akiwa mzee wa miaka 81. Niliwaeleza waliohudhuria kwamba ubishi tuliokuwa nao ulikuwa wa zamani kuliko wengi wetu, na kwamba ulikuwa umewahi kuamuliwa umbali mfupi tu kutoka pale tulipokaa.

Kisha nikaeleza pengo lilivyokuwa, maana nilijua wengi hawakulifahamu. Missouri ya wakati ule haikumpa Medicaid mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu, hata kama hakuwa na senti moja. Mzazi alipata tu kama kipato cha nyumba kilikuwa chini ya robo ya kiwango cha umaskini. Mkimbizi asiye na watoto alihudumiwa kwa miezi minane tangu afike, kisha akaachwa. Ruzuku ya kununua bima binafsi nayo ilianzia kwa wenye kipato kilichofikia kiwango cha umaskini, kwa kuwa waliotunga sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, ile iitwayo Obamacare, walidhani walio chini ya hapo wote wangeingia Medicaid. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa kupanua Medicaid, na majimbo kama letu yakakataa. Matokeo yake yalikuwa jambo ambalo hadi leo naona halina utetezi: aliyepata dola 14,000 kwa mwaka alisaidiwa kununua bima, na aliyepata dola 9,000 hakusaidiwa kabisa.

Mzee mmoja, Mtanzania aliyeingia Marekani miaka ya 1980 na ambaye wengi wetu tulimwamkia shikamoo kabla hatujasalimia mwingine yeyote, aliomba nafasi ya kunijibu. Alikuwa na malori yake yaliyobeba mahindi kutoka mashambani kwenda maghalani. Hakuzungumza kwa hasira. Alisema amekulia katika nchi iliyoahidi matibabu ya bure, akaona zahanati zikikosa hata klorokwini. Amepanga foleni za sukari na sabuni. Na kwamba ahadi ya serikali isiyoulizia gharama humfundisha mtu kusubiri. Akamtaja Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe, alisema, alipenda kuukumbusha umma kwamba mgeni hulishwa siku mbili, siku ya tatu hupewa jembe. "Sasa hawa wameandika kabisa kwenye katiba ya jimbo," akasema, "kwamba hakuna kuweka sharti lolote la ziada. Maana yake jembe limepigwa marufuku. Mwanangu, hilo mimi siwezi kulipigia kura ya ndiyo."

Alichosema kuhusu katiba kilikuwa kweli. Pendekezo lilikataza jimbo kuwawekea wanufaika wapya masharti mazito kuliko ya wengine, na lengo lilikuwa kuzuia sharti la kuthibitisha kazi. Na alikuwa na hoja nyingine yenye uzito zaidi. Alikuwa na kijana aliyepakia mizigo, baba wa watoto watatu, ambaye alikataa saa za ziada kila zilipotolewa, kwa sababu nyongeza ya mshahara ingemvusha asilimia 130 ya kiwango cha umaskini na kumtoa kwenye SNAP, ule msaada wa chakula ambao wengi bado wanauita stempu za chakula. "Kijana mwenye nguvu," Mzee alisema, "anahesabu saa zake asije akapata zaidi." Watu walitikisa vichwa, na ilikuwa haki yao, kwa kuwa kila mmoja pale alimjua mtu wa namna hiyo. Sijawahi kukubaliana na wanaharakati wanaojifanya kwamba ukingo huo, pale nyongeza ndogo ya mshahara inapompotezea mtu msaada, haupo. Upo, na anayesimama ukingoni hapo ni baba anayejua hesabu za nyumba yake, wala si mvivu.

Lakini nilimwambia Mzee kwamba hoja yake ilikuwa inatetea kura ya ndiyo. Kama ukingo ndio unaomfanya mtu aogope kazi, basi Medicaid ya Missouri ilikuwa na ukingo mbaya kuliko wote: mzazi aliyepata kazi yoyote ile, hata ya nusu siku, alikuwa karibu ameshaipoteza bima. Kusogeza mpaka kutoka chini ya robo hadi asilimia 138 kulikuwa kumruhusu huyo mzazi afanye kazi mwaka mzima bila kuogopa. Kuhusu sharti la kuthibitisha kazi, nikamtajia jirani zetu wa kusini. Jimbo la Arkansas lilianza mwaka 2018 kuwataka wanufaika wathibitishe saa 80 za kazi kila mwezi. Mwanzoni taarifa zilipokelewa kwenye intaneti peke yake, na tovuti yenyewe ilifungwa kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi. Zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima kabla hakimu hajasimamisha mpango huo mwezi Machi 2019, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walioufuatilia hawakuona ajira ikiongezeka. Karibu wote waliolengwa na sharti hilo tayari walikuwa wanafanya kazi au walikuwa na sababu ya kusamehewa. Kilichowashinda wengi ni kulithibitisha hilo kwa namna iliyotakiwa.

Hapo nilizungumza kwa yale niliyoyaona kazini, na nadhani sauti yangu ilipanda. Siku zangu nyingi zilipita nikifungua barua za watu wengine. Sheria ambayo wanasiasa huigombania kwa maneno makubwa humfikia maskini kama bahasha yenye tarehe ya mwisho, na bahasha hiyo hufika kwenye nyumba aliyohama, au humkuta yuko zamu ya usiku, au huandikwa kwa lugha ambayo mtoto wake wa miaka tisa ndiye anayejaribu kumsomea. Mama mmoja niliyemhudumia aligundua kwamba watoto wake wameondolewa kwenye bima alipokuwa amesimama dirishani kwa mfamasia na mtoto mwenye pumu mgongoni. Hakuna mtu aliyeamua kwamba watoto wale hawastahili. Fomu haikurudi, basi. Anayedhani kwamba kila sharti linalowekwa humchuja mvivu na kumwacha mwenye bidii hajawahi kukaa na mtu mwenye kazi mbili akitafuta stakabadhi za mishahara za miezi iliyopita.

Mzee alisikiliza, kisha akarudi kwenye chakula, ingawa hakikuwamo kwenye kura. Alitaka kujua kwa nini jimbo liongeze mzigo wa bima wakati tayari linawalisha watu. Nikamweleza kwamba fedha ya chakula kilichonunuliwa kwa SNAP wakati ule ilitoka yote serikali kuu, kupitia Wizara ya Kilimo, na jimbo lilichangia gharama za uendeshaji tu. Na kwamba katika upanuzi wa Medicaid pia serikali kuu ingelipa asilimia 90. Nikamkumbusha kwamba mwaka 1977, walioshirikiana kuondoa sharti la maskini kununua stempu hizo kwa fedha taslimu walikuwa maseneta wa vyama viwili pinzani, George McGovern wa South Dakota na Bob Dole wa Kansas, wote wakitoka majimbo ya wakulima. Hapo Mzee aliguswa na jambo ambalo sikulitarajia. Alianza kusimulia unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano uliogawiwa Tanzania wakati wa ukame wa miaka ya sabini, alipokuwa kijana, na kwamba mahindi yale yalitoka Marekani, yumkini kwenye mashamba kama haya anayoyapakia leo. "Tulikula, tukalima msimu uliofuata," alisema. "Hatukubaki kwenye foleni." Nilimwuliza kama kuna mtu aliyewadai cheti cha kazi kabla ya kuwapimia ule unga. Akanyamaza.

Aliyemjibu ni mama wa Kikongo aliyekuja kumsindikiza dada yake. Alisimama akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Mzee, jembe ninalo," alisema. "Naamka saa tisa usiku kwenda kulishika. Nasafisha ofisi, nikitoka hapo nasafisha hoteli. Waliponiongezea saa, bima ikatoka. Sukari yangu haijatoka. Dawa ya mwezi mmoja naichoma miezi miwili." Hakulia, wala hakuomba kitu. Alieleza tu mpangilio wa siku zake, dozi anayoiruka na ile asiyoiruka, mpaka wauguzi waliokuwapo wakaanza kumkatiza kwa maswali ya hofu.

Mzee alimwuliza dawa inagharimu kiasi gani, kisha akatangaza mbele ya wote kwamba ya mwezi ule na unaofuata ataigharimia yeye. Alitimiza. Ninamheshimu kwa hilo, na bado nilisema pale pale, nikitumia adabu yote niliyofundishwa, kwamba mama huyu amepata kwa sababu amejitokeza Independence siku ile na kuongea lugha yetu. Nilikuwa na wengine, Waburma na Wasomali na Wamarekani weusi kwa weupe, ambao Mzee asingewasikia kamwe. Ukarimu wake ulikuwa wa kweli, ila ulifika mpaka pale macho yake yalipofika. Alinijibu kwamba serikali nayo haina macho kabisa. Hatukukubaliana, na mvua ikatuondoa.

Pendekezo lilipita kwa asilimia 53, likibebwa na Kansas City, St. Louis na maeneo yao ya jirani, huku kaunti nyingi za vijijini zikilikataa. Mzee aliniambia waziwazi kwamba alipiga kura ya hapana. Majira ya kuchipua ya mwaka 2021, wabunge wa jimbo walikataa kutenga fedha za kulitekeleza, na mwezi Mei gavana akauondoa mpango wa utekelezaji. Siku chache baadaye Mzee alinipigia simu. Alikuwa amempigia mbunge wake, akamwambia kwamba alikuwa upande wake kwenye kura lakini wameshindwa, na aliyeshindwa hachukui sanduku la kura akaenda nalo nyumbani. Tarehe 22 Julai Mahakama ya Juu ya Missouri iliamua kwa kauli moja kwamba matokeo ya kura lazima yatekelezwe.

Maombi ya kwanza yalianza kushughulikiwa mwezi Oktoba. Nilimjazia yule mama fomu yake mezani kwangu. Wiki ile ile Mzee alinitumia namba za simu za vijana wawili wa kwake, yule mpakiaji na mwenzake, akiandika kwamba wasikie kutoka kwangu jinsi saa za ziada zitakavyohesabiwa, kwa kuwa yeye wakimsikia watadhani anawasukuma.