Mota ya kuinua mashine ya boti: anza na waya wa hasi

Maji ya bamvua yakipwa Jambiani, Unguja, boti ya faiba ambayo mashine yake haiinuki hulalia propela mchangani. Ukibonyeza swichi unasikia tik, tik, na mota haigeuki. Hapo wengi hukimbilia kutafuta mota nyingine, ilhali mara nyingi mota ni nzima na ugonjwa umo kwenye nyaya.

Mota hii ya volti 12 ina nyaya mbili nene. Kwenye Yamaha nyingi ni buluu na kijani. Buluu ikipata chanya na kijani hasi, mashine inapanda. Zikigeuzwa, inashuka. (Zile za zamani zenye nyaya tatu zina mpango wake, usizifunge hivi.) Kazi ya kugeuza hufanywa na rilei mbili (swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme), moja ya kupandisha na moja ya kushusha, na ndipo watu wanapopotea.

Swichi isipobonyezwa, nyaya zote mbili za mota zimekaa kwenye hasi. Ukibonyeza kupandisha, rilei ya kupandisha inahama na kuupa waya wake chanya. Umeme unapita kwenye mota, kisha unarudi kwenye hasi kwa kupitia rilei ya kushusha, ambayo wakati huo imetulia. Kwa hiyo mashine inayoshuka vizuri lakini ikagoma kupanda, kosa linaweza kuwa ndani ya rilei ya kushusha, kwenye kontakti yake ya kupumzika (inayogusa hasi rilei ikiwa imetulia) iliyoota ukijani. Fundi anabadilisha rilei ya kupandisha, pesa inakwenda, tatizo liko palepale.

Zibadilishane nafasi rilei hizo mbili. Tatizo likihamia upande wa pili, mojawapo ni mbovu. Lisipohama, tafuta kwenye soketi, waya au swichi. Pande zote zikifa kwa pamoja, angalia fyuzi na hasi kwanza.

Ukifunga upya kwa rilei za pini tano, kila moja inafungwa hivi: 30 kwenye waya wa mota, 87 kwenye chanya iliyopita fyuzi, 87a kwenye hasi, 86 kwenye swichi, 85 kwenye hasi. Koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya rilei kuihamisha, ikipimwa kati ya 85 na 86 husoma kama omu 80 hadi 100, yaani swichi inabeba chini ya ampea 0.2 tu. Usithubutu kupitisha umeme wa mota kwenye swichi ya mkononi, itaungua.

Waya wa nyumba wa 2.5 mm² usiutumie. Tuseme kutoka betri hadi mota ni mita 4, kwenda na kurudi ni mita 8. Mota ikivuta ampea 25 unapoteza karibu volti 1.4 njiani. Kwa 6 mm² unapoteza kama 0.6. Tena ule wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu hukatika kwa mtikisiko. Chukua wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati, na fyuzi ya ampea 30 isiyozidi sentimita 18 kutoka betri.

Hasi ndiyo yenye kusahauliwa. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye 87a ya rilei inayotulia, mwenzio abonyeze swichi. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unakwama njiani. Menya waya karibu na kichwa chake: shaba njema inang'aa, iliyokufa ni nyeusi na inapukutika kama unga. Kata nyuma mpaka uipate inayong'aa, hata kama ni sentimita 20.

Viungo vibanwe kwa koleo lake, kisha vivikwe mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Kuchomea risasi peke yake hakufai: waya unakuwa mgumu pale risasi inapoishia, na hapo ndipo unapokatika. Rilei zifungwe pini zikitazama chini, na waya ushuke kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye soketi, ili maji yadondoke nje.

Mashine ikiwa juu, shusha kishikizo chake cha chuma kabla ya kuingiza mkono chini, na toa waya wa hasi kwenye betri. Mota huinua mashine kwa kusukuma mafuta, na mafuta hayo yakivuja ghafla, mguu wa mashine hushuka kwa uzito wake wote.