Iwambi asubuhi, betri imejaa

Mtu akisikia una gari la umeme, swali la kwanza ni moto: hiyo betri haitalipuka? Moto upo, tutaugusa. Lakini ukisoma malalamiko ya wenye magari wenyewe, kuna mambo mawili yanayojirudia kwa sura nyingi: gari kukata nguvu safarini, na breki kumshtukiza dereva. Kwa mtu wa Masaki, Dar es Salaam, hizo ni kero za foleni. Kwa mtu wa Mbeya, Tukuyu au Ilula, ambako huendi popote bila kupanda au kushuka, ni habari nyingine kabisa.

Tuanze na breki. Ukiachia pedali ya mafuta (jina limebaki hilohilo, mafuta hayapo), mota inageuka jenereta. Inayabana magurudumu na kurudisha umeme kwenye betri. Ni kama kushusha gia kwenye mlima, ila yenyewe hufanya bila kuombwa, na ndani ya wiki mbili mguu wako umeshazoea kwamba gari hujizuia lenyewe. Shida ni kwamba umeme ule lazima upate pa kwenda. Betri ikiwa imejaa asilimia 100 hakuna pa kuuweka, na kompyuta inaikata breki ya mota. Ukiachia pedali, gari linateleza kama liko nyutro. Hakuna kilichoharibika, breki za kawaida zipo. Ila mguu ulitegemea kitu ambacho leo hakipo.

Kila mtu anauogopa mteremko wa Kitonga, na ana haki. Lakini kwa gari la umeme linalotoka Iringa mjini, ukifika Kitonga umeshatembea zaidi ya kilomita 40 kupitia Ilula na betri ina nafasi ya kutosha. Mteremko wa kuuogopa zaidi ni Iwambi, Mbeya. Gari limelala likichaji Soweto au Iyunga, saa kumi na mbili asubuhi unatoka na betri tele, na dakika chache baadaye unashuka kuelekea Mbalizi, lori mbele na lori nyuma.

Hesabu yake si ngumu. Nissan Leaf, gari la umeme la Kijapani, likiwa na watu wanne na mizigo lina kama kilo 1,800. Kila mita 100 za kimo unazoshuka zina nguvu ya karibu nusu uniti, uniti hizihizi za LUKU. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa Songwe, ng'ambo ya Mbalizi, hauzidi 1,400. Hapo kuna uniti moja na nusu. Isiporudi kwenye betri, sehemu kubwa inaishia kwenye diski na pedi kama joto. Kwa Leaf yenye betri ya uniti 24 ambayo imechoka na kubaki na 16 hivi, uniti moja na nusu ni kama asilimia 9 ya betri. Ndiyo maana anayeshuka Iwambi asubuhi atoke na asilimia 85, ikizidi sana 90. Baadhi ya Leaf zina mpangilio wa kuishia 80. Zisizo nao, tumia taimu ya kuchaji. Na kabla hujaanza kushuka tazama vile viduara vya upande wa kuchaji kwenye dashibodi. Vikiwa vimesinyaa, gari linakwambia leo breki ya mota ni kidogo. Asubuhi za Juni na Julai vinaweza kusinyaa hata kabla betri haijajaa, kwa sababu betri yenye baridi haipokei umeme mwingi kwa mpigo.

Kuna lalamiko jingine ambalo wengi hulieleza kwa maneno yaleyale: "nilikanyaga breki, gari likaruka mbele." Sababu ya kawaida ni hii: ukikanyaga breki juu ya rasta au shimo, tairi linapoteza mshiko kwa sehemu ya sekunde. Kompyuta inaachia breki ya mota na kuikabidhi kazi breki ya diski, na kwenye hayo makabidhiano unahisi gari limeponyoka. Punguza mwendo kabla ya rasta, si juu yake, na likitokea usiachie pedali, kandamiza zaidi.

Halafu kutu. Kwa kuwa mota inafanya kazi kubwa, diski hazisuguliwi, na kwa mvua za Rungwe zinaota kutu na pini za kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) zinaganda. Utalijua kwa gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine, au gari kuvuta upande ukifunga breki ghafla. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu, weka nyutro kwenye mwendo wa 50 na ufunge breki kwa nguvu mara tatu nne, diski zijisafishe. Kila baada ya miezi sita pini zifunguliwe na kupakwa greisi ya breki, si greisi ya bearingi, maana hiyo huvimbisha mipira. Mafuta ya breki kila miaka miwili, hata kama pedi bado ni nene kama mpya. Pedi kutokwisha ndiko kunakowasahaulisha watu.

Sasa betri ndogo, ile ya volti 12. Wengi wanadhani gari lenye betri kubwa ya volti 360 haliwezi kuzimishwa na kibetri cha boneti. Linazimishwa. Kompyuta, usukani, nyongeza ya nguvu ya breki, na swichi kubwa zinazounganisha betri kuu na mota, vyote vinalishwa na volti 12.

Mfano unaofahamika zaidi ni Hyundai Ioniq 5. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilianza uchunguzi baada ya malalamiko 30: wenye magari walisikia mlio mkubwa wa "paa!", onyo likatokea kwenye kioo, kisha nguvu zikapungua au zikakatika kabisa. Chanzo kilikuwa kifaa kinachoitwa ICCU, ambacho pamoja na kazi nyingine hugeuza umeme wa betri kubwa kuwa wa kuchaji ile ndogo. Kikiungua, betri ndogo haichajiwi tena, na gari linaendelea kwa akiba yake hadi iishe. Machi 2024 zaidi ya magari 147,000 ya Hyundai, Kia na Genesis yakaitwa kwa matengenezo Marekani, na Novemba mwaka huohuo Hyundai ikatoa wito mwingine wa magari 145,235.

Kuipima betri ndogo hakuhitaji gereji kubwa. Testa ya kawaida, gari likiwa limezimwa saa kadhaa: volti 12.6 na kuendelea ni nzima, 12.2 ni nusu, chini ya 11.8 usisafiri. Kisha liwashe hadi taa ya kijani yenye kigari na mishale itokee, upime tena. Lazima isome 13 na kitu au 14 na kitu. Ikibaki 12, haichajiwi, hata kama dashibodi haijalalamika.

Milango nayo inaingia hapa. Septemba 2025 NHTSA ilianza kuchunguza Tesla Model Y za 2021, kama magari 174,000, baada ya vitasa vya nje kugoma umeme wa volti 12 ulipopungua. Baadhi ya wazazi walivunja vioo kuwatoa watoto. Leaf ina vitasa vya kuvuta vya kawaida na ufunguo wa chuma ndani ya rimoti, kwa hiyo hilo halikuhusu. Ukinunua gari lenye vitasa vya kuzama mlangoni, muulize muuzaji akuonyeshe kwa mikono yake namna ya kufungua betri ndogo ikiwa imekufa.

Kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, wito wa kiwanda haukufuati mpaka Mwanjelwa. Chukua namba ya chesisi (Leaf huanza na ZE0, AZE0 au ZE1) uitafute kwenye ukurasa wa marekebisho wa mtengenezaji huko Japani, simu itatafsiri. Na kuhusu moto: mwaka 2024 Nissan iliwaambia wenye Leaf 23,887 za 2019 na 2020 huko Marekani waache kutumia chaja za kasi, kwa sababu betri inaweza kupata joto kupita kiasi. Nyumbani kinachoungua mapema ni soketi. Waya wa chaja wa Japani huvuta ampea 15 kwa saa nyingi, na soketi ya ukutani ni ya 13. Weka laini yake peke yake: waya wa milimita 4, breka ya ampea 20, kinga ya mshtuko ya miliampea 30, soketi ya bluu ya viwandani, na eathi iliyopimwa. Radi zikianza, chomoa.

Onyo la nguvu kupungua likitokea mteremkoni, usizime gari ili "lijiwashe upya". Huenda lisiwake tena. Washa taa za hatari, kandamiza breki mara moja kwa nguvu na ushikilie. Leaf ina akiba ndogo ya umeme wa breki, na kuipampu breki ni kuimaliza akiba hiyo. Usukani utakuwa mzito ila unageuka. Ukisimama, weka gogo au jiwe chini ya tairi kabla abiria hawajashuka, kwa sababu P (gia ya kuegesha) ya Leaf hufungwa kwa umeme wa volti 12 na inaweza isifunge.

Atakayesimama kukusaidia Kitonga au Iwambi ni dereva wa lori, na atakuwa na roho nzuri na nyaya nene za kuazima umeme wa betri. Lori ni volti 24. Ukiunganisha umeunguza kompyuta. Omba gari dogo, au akuchukulie betri moja tu kati ya zile mbili. Huhitaji nguvu ya kuzungusha stata, unaamsha kompyuta tu. Ikishindikana, ita brekidauni, na magurudumu ya mbele yasiguse lami: yakizunguka, mota inazalisha umeme wakati hakuna anayeudhibiti.