Vidonge vya kalsiamu viliponifungia choo

Nilipofikisha miaka 52 nilianza kumeza vidonge viwili vya kalsiamu kaboneti kila asubuhi, miligramu 1,000 kwa mkupuo, tumbo likiwa tupu. Wiki ya pili tumbo likajaa gesi, choo kikawa kigumu kama changarawe. Nilitaka kuviacha kabisa.

Mfamasia wa mtaani kwetu aliniuliza swali moja tu: "Mama, kwa siku unakula nini?" Tukahesabu. Kikombe cha maziwa kina kama miligramu 300, nami nanywa kimoja asubuhi, na saa kumi jioni napata mtindi. Dagaa nawala wazima wazima, na mifupa yao. Mwanamke wa umri wangu anahitaji kama 1,200 kwa siku, chakula kikiwemo! Kumbe nilikuwa nazidisha, na mwili haufyonzi vizuri zaidi ya 500 kwa mara moja.

Sasa nameza kimoja tu cha 500, pamoja na chakula cha mchana, kwa sababu kaboneti huhitaji asidi ya tumboni, inayotoka tunapokula. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, nameza usiku, mbali na maziwa, maana kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa. Naongeza maji na papai. Siku ya tano choo kilirudi kawaida.