Mzigo Umefika, Lakini Bado Si Wetu: Siku Moja ya Mtunza Stoo Arusha

Saa 12 na nusu asubuhi niko kituoni Kwa Mrombo na koti zito, maana baridi ya Julai hapa Arusha si ya kuchezea. Saa 1 na robo nafungua kufuli la stoo. Kiwanda chetu kinatengeneza mashine za kukoboa na kusaga mahindi. Ukitaja mtunza stoo, wengi wanamwona mtu wa kushika funguo na daftari tu. Ningependa mkione kizimba changu cha wavu, kile chenye kadi za njano.

Mle vinakaa vipuri vilivyofika lakini havijakaguliwa.

Saa 2 lori la Dar es Salaam liliingia: beringi 120 za saizi 6205 katika katoni 12, na boliti 400 za M10, yaani za unene wa milimita 10. Nikahesabu, nikalinganisha na oda, nikasaini karatasi ya dereva na kuandika kama kawaida yangu: "Idadi imepokelewa, ubora haujakaguliwa." Maneno hayo hutusaidia tukitaka kurudisha mzigo mbovu.

Kwenye kompyuta naziingiza kama zinazosubiri ukaguzi. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Afisa ununuzi akitazama zilizo huru tu, yaani zilizopita ukaguzi na ziko tayari kutolewa, anaona sifuri na kuagiza nyingine, fedha ya kiwanda ikalale rafuni. Akizihesabu zote kuwa nzima, mpango wa wiki unajengwa juu ya vitu vinavyoweza kukataliwa kesho. Kwa hiyo kila asubuhi nampigia simu: huru ni ngapi, zinazosubiri ni ngapi, zilizo njiani ni ngapi.

Saa 3 na nusu msimamizi wa uzalishaji akaja. Mashine 8 zilikuwa zimesimama, kila moja inadai beringi 2 za shafti.

"Dada, naomba 16 tu."

"Kaka, zina kadi ya njano."

"Si hizo hapo, naziona kwa macho yangu!"

"Zipo, ila bado si zetu."

Akaondoka. Akarudi na fundi mkuu. Fundi mkuu ni mzee wangu, ndiye aliyenifundisha kusoma namba za beringi, na kumkatalia mtu kama huyo kunauma. Akasema kwa upole, "Mwanangu, vijana wamekaa bure tangu asubuhi." Baadaye ikapigwa simu kutoka ofisini, sauti imepanda. Nilisimama na simu sikioni, mkono mwingine kwenye kufuli, na moyo ukinienda mbio. Mkaguzi wetu ni mmoja, na muda huo alikuwa uani akipima mashine zilizokuwa zikipakiwa kwenda Kiteto.

Mwaka wangu wa kwanza nilikubali. Nilitoa beringi bila ukaguzi kwa sababu niliombwa vizuri. Mashine ikarudi kutoka Babati shafti imeng'ang'ania, msimu wa mavuno, na mwenye mashine alikuwa amekopa ili ainunue. Sura yake sijaisahau hadi leo.

Kwa hiyo sikufungua. Nilimfuata mkaguzi uani nikamwomba aanze na beringi, boliti zisubiri, kwa kuwa boliti bado tunazo. Foleni ya ukaguzi inapaswa kufuata kazi iliyosimama, si saa lori lilipoingia. Alikubali, ila amalize kupakia kwanza.

Sikumbuki saa ngapi nilikula. Chai ilipoa mezani, wali nikala nimesimama.

Mchana ukiwa umekwenda sana ndipo mkaguzi akaja na venia yake, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo. Akafungua katoni zote. Tundu la ndani milimita 25, nje 52, upana 15: sawa. Kisha akageuza moja ubavuni, akanyamaza. Sisi tuliagiza zenye mpira pande zote mbili, 2RS. Katoni 3 zilikuwa na bati, ZZ, ingawa maandishi ya nje ya katoni yalikuwa sahihi. Bati haligusi pete ya ndani. Linaacha upenyo mdogo, na kwenye mashine ya unga upenyo huo unatosha vumbi kuingia na kula grisi.

Beringi 90 nikazibandika kadi ya kijani, nikatoa 16 papo hapo. Fundi mkuu alizipokea mwenyewe. Aliichukua moja ya bati, akaizungusha kidoleni, akanirudishia. "Asante, mama," akasema. Siku zote huniita mwanangu.

Zile 30 zina kadi nyekundu, nimezifungia peke yake. Afisa ununuzi ameshamwandikia muuzaji, na picha za namba nimempa.

Nilifunga stoo saa 12 jioni, miguu imevimba. Boliti bado zina kadi ya njano, na kesho mkaguzi anaanza nazo.