Dirisha la Mhabeshi, Ahmedabad

Dereva wa bajaji alinishusha katikati ya makelele ya honi. "Sidi Saiyyed," akasema, akanyoosha kidole, huyo akaenda zake. Nilitarajia msikiti mkubwa wenye uwanja wake. Kumbe ni mdogo tu, pikipiki na mabasi yameuzonga.

Ulijengwa mwaka 1573, na mjenzi wake alikuwa Mhabeshi, mmoja wa Waafrika waliopanda vyeo katika usultani wa Gujarat, magharibi mwa India. Nikavua viatu. Ukutani upande wa kibla kuna madirisha ya nusu duara ambayo jiwe lake limetobolewa hadi likawa kama kimia: miti imejisokota, matawi yamekumbatiana, majani yamechongwa moja moja. Ilikuwa alasiri, jua limepenya, na vivuli vya matawi vimelala sakafuni. Tao la katikati limezibwa kwa mawe matupu. Inasemekana kazi ilikatizwa majeshi ya Akbar, mfalme wa Wamughal, yalipoiteka Gujarat.

Kutoka hapo niliingia mitaa ya kale, wanayoiita pol, nikapotea mara mbili. Mji huu aliuanzisha Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, na mwaka 2017 ukawa wa kwanza India kutambuliwa na UNESCO kuwa mji wa urithi wa dunia. Milango ya mbao yenye nakshi ilinifanya nisimame: Unguja, Mji Mkongwe, ipo ya aina hiyo, nayo huitwa milango ya Kigujarati. Lakini mingi ina kufuli lenye kutu. Wenyewe wamehamia ng'ambo ya mto, kwenye maghorofa.

Mto wenyewe, Sabarmati, umejaa maji yaletwayo kwa mfereji kutoka mto Narmada. Kingo zimesakafiwa zege, watu wanapunga upepo. Panapendeza, siwezi kukataa, ila waliokuwa na vibanda hapo walihamishwa kwa maelfu, nami nilitembea nikiwawaza.

Usiku nilirudi mji wa kale kwa metro, treni ya mjini, ambayo huku inapita chini ya ardhi. Pale Manek Chowk masonara walikwisha funga, na mbele ya maduka yao makaango yanatokota. Muuza bajia akaniuliza natoka wapi.

"Mombasa."

Akacheka. "Bhai! Babu yangu alikuwa na dukan huko!"

Dukan, duka. Akaniongezea bajia mbili, pesa akakataa.